Naweza kuchoma majani uani kwa "petroli kidogo tu"?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Kibaha, kiwanja changu kina miembe na mkorosho, majani hayaishi, na gari la taka halifiki huku kwetu. Kijana anayenifyekea anasema nimpe petroli kidogo tu, robo lita, achome usiku ili yateketee haraka bila moshi na mwenyekiti wa mtaa asinisumbue. Sheria inaniruhusu? Na kuna hatari?

JIBU: Marahaba, dada. Sheria niipitie haraka. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za usafi zinazobana uchomaji wa taka kwenye makazi, kwa hiyo kabla ya lolote nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa afya wa kata uulize ya kwenu inasemaje. Kanuni ya Adhabu nayo, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa kuchafua hewa hadi kudhuru afya ya watu wanaoishi jirani. Kuchoma usiku hakukuondolei kosa, na moshi wenyewe unazidi kuwa kero, kwa sababu hewa ya usiku imetulia. Moshi haupandi, unalala chini na kuingia madirishani watoto wakiwa wamelala.

Sasa hiyo "petroli kidogo tu". Neno hili nalisikia kila msimu wa kiangazi, na kila msimu kuna watu wanaungua kwa ajili yake.

Watu wanaichukulia petroli kama mafuta ya taa yenye haraka zaidi. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye joto la Kibaha je? Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu na zaidi, kwa hiyo haupai. Unajipenyeza kati ya jani na jani, unatambaa ardhini mpaka miguuni pa aliyemwaga. Yeye anapapasa mfukoni, anatoa kiberiti, njiti ya kwanza inavunjika, anachukua ya pili, na muda wote huo rundo linaendelea kujaa mvuke. Njiti ikiwaka, rundo zima linalipuka kwa mkupuo mmoja, naye ameliinamia. Ndiyo maana majeraha ni yaleyale siku zote: uso, mikono yote miwili, na miguu mpaka magotini kwa aliyevaa kandambili.

Kibaya kuliko hicho ni kuongeza. Moto umefifia, hakuna ndimi zinazoonekana, mtu anarudi na dumu. Chini ya majivu kuna makaa mekundu. Moto unaupanda mkondo wa petroli hadi mdomo wa dumu, na dumu liko mkononi.

Halafu kuna mafundi wa vijiweni wanaofundisha kuchanganya petroli na dizeli au oili chafu eti "kuipooza". Petroli iliyochanganywa bado inatoa mvuke wa petroli. Anayekwambia hivyo hajui anachokisema, na siku ya ajali hatakuwepo.

Robo lita hiyo, isitoshe, itanunuliwa kwenye chupa ya maji, itakayobaki imewekwa jikoni karibu na jiko au mahali mtoto mwenye kiu anaifikia. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Nchi nzima ililia. Bado tunauziana petroli kwenye chupa za maji kama juisi.

Majani yako yachimbie shimo ufanye mboji. Ya mwembe na mkorosho ni magumu, yanachelewa kuoza, kwa hiyo yakatekate kwa panga, changanya na samadi, mwagia maji. Mtaa ukikuruhusu kuchoma, choma asubuhi kabla upepo haujaamka, rundo dogo, mbali na nyumba na mkorosho wenyewe, ndoo za maji zikiwa tayari, ukiwasha kwa majani makavu. Plastiki, nyaya, mbao zilizotiwa dawa na makopo ya dawa ya mbu visiingie humo kabisa: vitatu vya kwanza vina sumu, la mwisho linapasuka. Ukimaliza mwaga maji, koroga majivu kwa koleo, mwaga tena. Moto ukikushinda piga 114, Zimamoto.

Na mtu akiungua, msimpake dawa ya mswaki, yai wala unga, hata kama jirani anaapa kwamba bibi yake alipona hivyo. Vinaganda kwenye kidonda, na daktari analazimika kuvibandua mgonjwa akipiga kelele. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali.