Buabua wa Mwezi Machi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Dada yangu anaishi Hamburg, Ujerumani. Kila Machi ananitumia sauti kwenye simu akiwa matembezini: mara korongo weupe wamerudi, mara bata wameanza kuchumbiana, majira ya kuchipua yameingia. Mimi niko Luchelele, ziwa liko hapo mlangoni, lakini sioni linalobadilika zaidi ya mvua. Ndege wa huku hawana dalili zao? Na ni lazima ninunue darubini?
– Binti wa Luchelele, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dalili unazo, tena jirani kabisa, maana baadhi ya ndege wanaosubiriwa Ulaya mwezi huo bado wako kwetu wanabadili nguo.

Anza na buabua wa mabawa meupe, ndege mdogo anayerukaruka juu ya maji. Shuka pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Januari buabua hana mvuto: mweupe, kijivu kidogo mgongoni, basi. Machi ikiingia, mwangalie kifua na tumbo. Utaona mabaka meusi, kama shati lililorukiwa na wino. Mabaka yanaungana wiki hadi wiki mpaka kichwa na mwili vinakuwa vyeusi tii, huku mkia na sehemu ya mbele ya bawa vikibaki vyeupe. Hayo ni manyoya ya kuzalia, na hazalii hapa. Anakwenda kwenye madimbwi yenye nyasi ya Ulaya Mashariki na Asia. Kundi moja huwa na wa kila hatua. Mimi nawapenda wale wa nusu kwa nusu, wenye madoadoa, ingawa vitabu huwaonyesha waliokamilika tu.

Bata watafute kwenye majaruba ya mpunga. Wenye uso mweupe wanaopiga mluzi ni wenyeji, waache. Unayemtaka ni mdogo zaidi, na dume lake lina mstari mweupe mnene unaopita juu ya jicho mpaka kisogoni. Ukimkuta Machi, jua yuko mbioni kuondoka. Penye ng'ombe wanaochungwa, angalia pia kindege chembamba kinachotikisa mkia miguuni mwao: dume linazidi kuwa la njano kadiri safari inavyokaribia.

Utauliza wamejuaje, wakati hapa karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mtafiti wa Kijerumani, Eberhard Gwinner, aliwafuga ndege wadogo wahamao chumbani, mwanga saa 12 na giza saa 12 bila kubadilika. Hata hivyo wakati wao ulipofika walibadili manyoya, na usiku wakawa hawatulii, wanarukaruka kama walivyozoea kusafiri. Saa wanayo mwilini.

Darubini? Kwa buabua huihitaji, anakupitia karibu na kichwa. Kwa bata utaihitaji, na inayokuza mara 8 inatosha. Za mara 10 zinachezacheza mkononi usipokuwa na mazoea. Fedha ikikosekana, nunua daftari, uandike tarehe uliyomwona buabua wa kwanza mwenye mabaka. Ila usiwafuate ndege majini miguu peku, ziwa letu lina kichocho. Kaa juu ya jiwe, Mwanza mawe hatujapungukiwa.