Altezza au Mark II GX110, ipi inakimbia na ipi inaendesheka?

SWALI: Habari za kazi kaka. Hela yangu inatosha gari moja tu na nimebakiza mbili, Altezza AS200 ya 2001 na Mark II Grande GX110 ya 2002, zote oto. Washkaji wanasema Altezza ni spoti, Grande haioni ndani. Nakaa Iringa na Dar naenda sana, familia ikiwa nyuma. Ipi ina nguvu, ipi haichoshi? – Msomaji, Iringa

JIBU: Salama ndugu yangu. Waambie hao washkaji wafungue boneti kwanza. Hizo gari zina injini ileile, 1G-FE ya VVT-i (inayojipangia muda wa kufungua valvu), silinda 6, sisi (cc) 2000, hospawa 160, oto zake zote gia 4 na zote zinasukuma kwa tairi za nyuma, sasa hiyo ya kuachana mbali itatoka wapi? Altezza ni fupi na nyepesi kidogo kwa hiyo ukitoka kwenye mataa utaisikia imechangamka, ila pandisha mlima Kitonga umejaza watu na magunia uone, zote zitashusha gia na kulia vilevile maana hiyo 1G inataka kuzungushwa, torki yake, yaani nguvu ya kuvuta, inakamilika kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika huko.

Tofauti iko kwenye bodi na chini. Altezza springi zake ngumu, stelingi inaitika chapu, kona utazifurahia wewe dereva, walioko nyuma watalalamika magoti yamebanwa na kila tuta la Mikumi watalihesabu, hasa kama ina rimu za 17 na zile tairi nyembamba. Grande kati ya tairi la mbele na la nyuma ni milimita 2,780, Altezza 2,670, basi imetulia zaidi kwenye lami ndefu na watoto wanalala. Kwa safari zako mimi nachukua Grande wala siwazi mara mbili.

Sema hizi ni gari za zaidi ya miaka 20 bwana, bushi na shokapu zikifa hata hiyo Altezza inayumba kama mtumbwi, kwa hiyo iendeshe barabara mbovu kabla hujatoa hela, na uliza taimingi belti imebadilishwa lini. Ukiona Grande imeandikwa D-4 juu ya injini hiyo sio GX110, ni sisi 2500 yenye pampu ya presha kubwa, nguvu inayo ila mafuta machafu haitaki kabisa.

SWALI: Na Altezza RS200 ya silinda 4 je, ni nguvu kweli au maneno tu? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Nguvu ipo, 3S-GE hiyo, manuali hospawa 210 na oto 200. Ila 210 zenyewe ziko kwenye mizunguko 7,600, ukiwa mtu wa kubadili gia kwenye elfu tatu hutazikuta hata siku moja, utasema umeuziwa Carina.