Maswali na Majibu: Kodi mbovu ni ya nani?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naongoza timu ya wasanidi programu watano hapa Kihesa, Iringa. Tumetengeneza mfumo ambao wanunuzi wa parachichi Njombe wanautumia kulipa wakulima kwa simu. Msimu huu wakulima kadhaa wamelipwa mara mbili kwa mzigo mmoja. Mkurugenzi kaagiza apatikane aliyeandika kodi ile. Tumeendesha git blame, amri ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi) inayoweka jina la mtu kwenye kila mstari, na jina la kijana mmoja tuliyemwajiri mwaka jana limejaa faili zima la malipo. Kuna mtaalamu kaitwa, anashauri mfumo uandikwe upya na kijana akatwe mshahara. Ijumaa tuna kikao. Ni nani hasa wa kuwajibika?

JIBU: Marahaba, dada. Swali lako nimelizoea, hubadilika zao tu: juzi ilikuwa kakao ya Kyela, kabla yake mbao za Mafinga. (Kwa msomaji aliyepita njia: kodi ninayoisema hapa ni maagizo ambayo msanidi huiandikia kompyuta, si ile ya TRA.)

Nianze na hiyo git blame, maana ndiyo inayonikera. Amri ile hukuonyesha nani aliugusa mstari mara ya mwisho, basi. Haijui nani aliuwaza, nani aliuagiza, wala nani aliupitisha. Kabla ya Ijumaa iendeshe tena kwenye faili lilelile, safari hii ukiongeza -w ili ipuuze nafasi tupu. Naweka dau la sahani ya wali wa Kyela kwamba kijana wako alipewa ile kazi ambayo kila mgeni hupewa, "hebu litengeneze hili faili lisomeke". Akabonyeza kitufe cha kupanga kodi, pembezoni zikasogea, na mistari mia nane ikahamia kwenye jina lake kwa mpigo mmoja. Ukiongeza -C, amri itafuatilia pia mistari iliyonakiliwa kutoka mafaili mengine. Na tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019, Git inaweza kupewa orodha ya mabadiliko ya usafi, yale ya kupanga mistari tu, ili iyaruke. Nimelifanya zoezi hili mbele ya wakurugenzi zaidi ya mara moja. Kuna siku jina lililoibuka lilikuwa la mkurugenzi mwenyewe, enzi zake akiandika kodi usiku. Kikao kile kilikuwa kifupi.

Tuseme jina limebaki la kijana. Bado swali lako halijajibiwa.

Kodi yenu sijaiona, ila ndugu zake nimewaona wa kutosha. Karani yuko kituo cha kununulia, mtandao unasuasua, anabonyeza "Lipa". Ombi linafika kampuni ya simu, pesa inatoka, jibu linapotea njiani. Mfumo unasubiri sekunde thelathini, unachoka, unaandika "Imeshindikana" kwa rangi nyekundu. Karani, ambaye ana foleni ya watu na matenga mbele yake, anabonyeza tena. Mkulima anapata ujumbe wa pili na kumshukuru Mungu. Dawa yake ni ya siku nyingi: kila malipo yapewe namba ya kumbukumbu kabla hayajatumwa, kanzidata yenyewe ikatae namba hiyo kujirudia, na jibu likichelewa mfumo uulize hali ya muamala kwanza, usitume upya. Kazi ya siku mbili tatu, pamoja na kuijaribu.

Sasa hebu jiulize. Kijana ameketi Kihesa kwenye intaneti ya faiba. Nani alimweleza mtandao wa huko mashambani ukoje? Maelezo ya kazi yalisema nini kuhusu jibu lisiporudi? Nikikisia kwa ninayoyaona kila wiki, maelezo yenyewe yalikuwa ujumbe wa WhatsApp: "weka kitufe cha kulipa, wanunuzi wanaanza Jumatatu." Halafu nenda kwenye kumbukumbu za ukaguzi, pale mwenzake anaposoma kodi kabla ya kuipitisha, tazama saa. Mabadiliko yaliletwa saa ngapi, yakapitishwa saa ngapi? Mistari mia tano iliyopita kwa dakika tatu haikukaguliwa, ilipewa baraka. Mzani wa Wenda unaoruhusu kila lori lipite bila kupanda juu yake ungekuwa kibanda cha kuuzia chai.

Nalijua hili kwa sababu nimewahi kuwa mkaguzi wa aina hiyo. Nilikuwa ndani ya Coaster nikielekea Tukuyu, mtandao unaruka kila kona, mwenzangu akanitumia mabadiliko ya hesabu za riba za chama kimoja cha kuweka na kukopa. Nikayasogeza kwa kidole gumba mpaka chini, nikaandika "safi". Riba ilikuwa imewekwa kwenye aina ya namba ambayo kompyuta huzihifadhi desimali kwa kukadiria, badala ya kuhesabu senti kwa namba nzima. Shilingi zikawa zinayeyuka moja moja. Mhasibu aligundua baada ya miezi minne, alipokataa kusaini mizania. Kikaoni lawama zote zikamwangukia mwenzangu, nami niliyeandika "safi" nilikaa kimya nikichezea kalamu.

Dhana inayowapoteza mabosi wengi ni kwamba kodi mbovu lazima iwe imeandikwa vibaya na mtu fulani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na katika safari hiyo ya kwanza ikasambaratika baada ya kama sekunde 40. Chanzo kilikuwa kipande cha kodi kilichogeuza namba ya biti 64 kuwa ya biti 16. Namba ikawa kubwa kuliko chombo chake, kompyuta za uelekezi zikazimika. Kipande hicho kilitoka Ariane 4, na kule hakikuwahi kusumbua, kwa kuwa Ariane 4 haikufikia kasi ile ya mlalo mapema kiasi kile. Tena kwenye Ariane 5 kazi yake ilikuwa haihitajiki kabisa roketi ikishaondoka ardhini. Git blame ya siku zile ingekupa jina la mtu aliyeandika kitu sahihi kwa roketi nyingine. Tume ya uchunguzi ilikwenda kwenye maelezo ya mfumo na majaribio: hakuna aliyewahi kuijaribu ile kodi kwa safari halisi ambayo Ariane 5 ingepita.

Sisi wa barabara ya Tunduma tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko watu wa pwani. Lori likishindwa breki kwenye mteremko wa Kitonga, redio inatangaza uzembe wa dereva. Aliyezidisha mzigo, aliyeahirisha breki hadi mwezi ujao, na aliyempigia dereva simu kwamba kesho asubuhi awe mpakani, hao hawatangazwi.

Kijana simsafishi. Kama alijua ombi linaweza kutumwa mara mbili akanyamaza ili awahi Jumatatu, ana sehemu yake, na aambiwe uso kwa uso. Wapo pia wasanidi wanaojificha nyuma ya maneno "tatizo ni mfumo wa kazi" huku hata kodi yao wenyewe hawaisomi mara ya pili; hao nao wananichosha. Ila ukinilazimisha kutaja mtu mmoja, nitamtaja aliyeshika tarehe. Anayeamua lini mfumo uende hewani ndiye anayeamua ni majaribio gani yataachwa, hata kama hajui kwamba ameamua. Anayemfuatia ni mwenye ruhusa ya kupitisha mabadiliko, na kwenye timu ya watu watano huyo, nadhani, ni wewe dada. Samahani, umeniuliza.

Kuhusu kukata mshahara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kwa maandishi chanzo na kiasi cha hasara, athibitishe ni kwa kosa lake, na ampe nafasi ya kupinga kabla ya kumkata hata shilingi. Mwambie mkurugenzi alisome hilo kabla ya Ijumaa. Lakini mbali na sheria, kuna hasara isiyoonekana. Mkishamkata mmoja, kosa lijalo mtalisikia kwa mkulima, maana ndani ya ofisi hakuna atakayelisema. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia wasanidi kodi zao mtandaoni, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta za kila siku zilikuwa hazitengenezwi kwa muda, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakapoteza data ya kama saa sita. Waliyaandika yote hadharani, pamoja na aibu ya hizo nakala. Mnadhani wangezijua kasoro zile kama yule mhandisi angekuwa ametolewa nje na mlinzi siku ileile?

Sasa huyo mtaalamu wenu. Aina yake inazunguka sana hapa Nyanda za Juu Kusini siku hizi, kwenye ushirika, kwenye shule, kwenye vyama vya akiba. Anakuja na kompyuta, anaendesha programu ya kupima kodi, inatoa alama C kwa rangi ya chungwa, na kabla chai haijapoa ameshasema "andikeni upya". Programu ile huhesabu urefu wa mafaili na mistari inayojirudia. Haijawahi kusimama kituo cha kununulia ikaona karani akibonyeza mara mbili. Na kuandika upya maana yake ni kutupa kila kiraka kilichowekwa baada ya kosa la zamani, yakiwemo makosa ambayo hakuna anayeyakumbuka tena, kisha kuyarudia yote kwa pesa ya mteja. Wenye kuagiza mifumo, nawaomba: mkiambiwa "upya", ulizeni ni kasoro gani hasa haiwezi kurekebishwa palepale ilipo. Na yule anayewaambia roboti ya akili bandia itaandika yote kwa usiku mmoja, mwulizeni nani atasoma itakachoandika. Mara nyingi jibu ni yule mkaguzi wa dakika tatu.

Ijumaa, dada, usianze na majina. Chora ubaoni safari ya malipo moja, kutoka kidole cha karani hadi simu ya mkulima, kila mtu aonyeshe alisimama wapi, mkurugenzi naye. Mtaalamu akiwepo, mpe chaki, aonyeshe mfumo wake mpya utafanya nini jibu la kampuni ya simu likipotea njiani. Akifungua kompyuta kukuonyesha zile rangi, mpeni nauli.