Loji yetu inapungua: misaada itatuletea vijana?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa stima, nina miaka 46, naishi Buruburu. Huu ni mwaka wangu wa sita katika loji, yaani tawi, ya Frimasoni, chama cha udugu, hapa Nairobi. Siku ya kikao hatuzidi watu 19, na wengi wamepita miaka 60. Mwaka jana tulizika ndugu wawili, tukapokea mmoja. Tumetoa madawati, tumetoa viti vya magurudumu, tumelipia watoto karo, lakini hakuna kijana aliyekuja kuuliza habari zetu. Mtaani wananinong'ona kwamba naabudu shetani, na shemeji yangu amekataa hata kunywa chai kwangu. Sasa wenzangu wamenipa kazi ya kupanga huduma kwa jamii ili tuvute vijana. Wewe umekaa kwenye vyama miaka mingi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi si wa loji, na loji za aina yenu hupokea wanaume pekee. Lakini nimeshika hazina ya chama chetu cha maziko hapa Majengo, Pumwani, kwa miaka 22, na swali lako nalijua vizuri. Kwenye barua yako kuna maneno matatu yaliyonikwaza: "ili tuvute vijana."

Miaka mitano iliyopita kikundi kimoja kilituletea viti vya magurudumu. Watoto walikaa juani tangu saa nne hadi saa saba wakimngoja mgeni rasmi. Bango likafungwa, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Msichana wa miaka tisa akapewa kiti cha mtu mzima; miguu yake ilining'inia, haikufika pa kukanyagia. Mama yake alivua leso mabegani, akaikunja mara nne, akaisokomeza nyuma ya mgongo wa mtoto ili asogee mbele kidogo. Wageni walikuwa wameshapanda gari. Baada ya miezi mitatu gurudumu dogo la mbele likafa kwa mashimo ya vichochoro vyetu, na hakuna aliyerudi kuuliza. Jina la kikundi kile silikumbuki. Leso ile naikumbuka mpaka maua yake.

Historia yenu wenyewe inanipa nguvu ya kusema haya. Shriners wa Marekani ni Frimasoni, na mwaka 1922 walifungua hospitali yao ya kwanza ya watoto wenye ulemavu, mjini Shreveport, Louisiana, polio ikiwa tishio. Hospitali zao zikaongezeka, zikapendwa mno. Hata hivyo Frimasoni wa Marekani, waliopita milioni 4 mwaka 1959, leo hawafiki milioni 1. Hisani haikuwa ndogo, mwanangu. Mtu anaweza kuipenda hospitali yako maisha yake yote asione sababu ya kuja kuketi nawe.

Sasa watazame Odd Fellows, chama kingine cha udugu, waliojipanga Baltimore, Marekani, mwaka 1819. Agizo lao lilikuwa kuzuru wagonjwa, kuwasaidia wenye dhiki, kuzika wafu na kusomesha yatima. Siku niliyomsomea mume wangu maneno hayo alisema, "Hawa ni sisi." Kibarua alitoa ada yake, akiugua akaletewa posho, akifa mjane wake hakuachwa na rambirambi tupu. Loji nyingi za zama zile zilikuwa hata na daktari wao, wanachama wakichanga kidogo kidogo kumlipa. Zilipoenea bima za kampuni, na Marekani ikaweka sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1935, sababu moja kubwa ya kuingia ikalegea. Watu walikuwa wameingia kwa sababu mle ndani walijua hawataachwa peke yao.

Kwa hiyo nakuuliza: wale ndugu wawili mliowazika, wajane wao wana hali gani leo? Nani aliwatembelea mwezi uliopita? Kama hujui jibu, basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya madawati.

Kwetu msiba ukiingia, simu hulia hata saa kumi na moja alfajiri. Ufunguo wa kabati ninao mimi: sanda, pamba, kafuri, udi. Kuna kijana wa bodaboda, wakati huo ana miaka 23, aliyefiwa na babu yake. Alisimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Mzee mmoja akampa ndoo mbili akamwambia achote maji ya kuoshea. Akachota. Akaenda nasi makaburini Kariokor, akashika jembe. Msiba uliofuata, wa mtu asiye jamaa yake, nilimkuta tayari kwenye bomba. Katika hitima ya tatu alinivuta kando akauliza mchango wa mwezi ni kiasi gani. Nikamwambia shilingi 200. Hatukuwa tumemwomba hata siku moja. Leo ufunguo wa pili wa kabati anao yeye.

Nadhani umeshaona ninakoelekea. Wewe ni fundi. Vile viti mlivyotoa, vingapi bado vinatembea? Rudini mkavitengeneze. Chagueni Jumamosi moja ya kila mwezi, mahali pamoja, meza, spana, grisi, beringi, tyubu. Jina la loji liandikwe wazi kwenye kibao. Kijana akipita, mpe spana, usimpe hotuba. Mila yenu ya kungoja mtu aombe mwenyewe ni mila nzuri, msiiache. Ila mtu hawezi kuomba kuingia kwa watu ambao hajawahi kuwaona wakitoka jasho. Na siku akiuliza, mwambieni gharama zote hapo hapo: kiingilio, ada ya mwaka, suti nyeusi, chakula cha jioni. Vijana wetu wanaishi kwa kibarua cha siku. Gharama ya kuchomoza baadaye inawafedhehesha, hawarudi.

Tena iwe kazi moja. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi wa Marekani asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wa Lions, chama cha hisani, huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa vipofu, na mpaka leo ukitaja Lions watu wanafikiri macho. Hapa Nairobi hospitali yao ya macho iko Loresho. Hakuna anayehitaji kueleza Lions wanafanya nini.

Kuhusu shetani, usibishane kibandani. Woga huo una mizizi; mwaka 1994 serikali yetu iliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani, na watu wa rika langu tulizisikia habari hizo usiku na mchana. Mimi mwenyewe nimepita mbele ya jengo lenu la Nyerere Road tangu nikiwa msichana wa shule, na kila mara nikiharakisha hatua. Lau ningemwona mtu mlangoni anafagia, akanisalimu, ningepunguza mwendo. London, jengo kuu la Frimasoni la Great Queen Street lina makumbusho na wageni huingia. Waombe wakubwa wako ruhusa, kisha umchukue shemeji yako siku isiyo ya kikao, aone viti na jikoni. Mweleze kwamba hamumpokei asiyemwamini Mungu, na kwamba ugomvi wa dini na siasa hauruhusiwi kikaoni. Chai atakunywa siku yake, usimlazimishe.

Yule msichana wa leso sasa ana miaka 14. Kiti ni kile kile. Miguu yake imefika pa kukanyagia, lakini breki ya kushoto haishiki, na mama yake huweka jiwe chini ya gurudumu kila anapomwacha mlangoni. Nimeshazungumza naye, amekubali mje Jumamosi. Tyubu ya nyuma ni ya inchi 24. Mwandikie mhariri, nami nitawaelekeza nyumba.