Plastiki ya kitalu nyumba inakatikia kwenye taya za mashine: nitumie kifaa gani?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu plastiki za poliethilini za kuezekea vitalu nyumba, unene wa milimita 0.2. Kila nikivuta kipande kwenye mashine ya maabara, kinakatikia palepale kwenye taya. Ninunue kifaa gani?

JIBU: Usinunue kwanza. Plastiki ikikatikia kwenye taya, kilichopimwa ni ubanaji wako. Weka mpira mwembamba kati ya taya na plastiki, na ukate vipande kwa wembe mpya. Mkasi huacha vijipengo pembeni, na mpasuko huanzia hapo. Kiwango cha upimaji cha ASTM D882 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani), kilichotungwa kwa plastiki zisizofika unene wa milimita 1, kinataka upana wa milimita 5 hadi 25.4 na kingo safi.

Ila hata ukifanikiwa, mashine hiyo huvuta upande mmoja tu. Upepo ukilisukuma paa la kitalu, plastiki huvutwa pande zote kwa pamoja. Kwa hiyo ningekushauri upime kwa kuivimbisha, na kifaa chake fundi wa karakana mwenye mashine ya kukereza anakimudu: chemba ya chuma, pete ya kubana yenye tundu la kipenyo cha milimita 100, oring (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji), pampu ya mkono na geji ya presha. Jaza maji badala ya hewa. Hewa iliyobanwa hutunza nishati nyingi, na plastiki ikipasuka utaisikia hadi ofisi ya mkuu wa idara.

Hesabu si ngumu. Chukua nusukipenyo cha tundu, a, na kimo cha uvimbe, h. Nusukipenyo cha mpindo ni R = (a² + h²) ÷ 2h, na mkazo, yaani nguvu ya mvuto kwa kila eneo la plastiki, ni presha mara R, ugawe kwa unene mara mbili. Tuseme kwa kilopaskali 30 uvimbe umefika milimita 10: R ni milimita 130, na mkazo ni megapaskali 9.75. Mkunjuko katikati, yaani sehemu ya urefu ambayo plastiki imeongezeka, unakaribia 2h² ÷ 3a², yaani asilimia 2.7. Uvimbe ukizidi sana hapo, makadirio haya hayatoshi, kwa sababu plastiki yenyewe imeshakonda.

Kimo usikipime kwa geji yenye ncha, maana inabonyeza plastiki. Piga picha kwa ubavuni, au tumia kihisi cha leza. Mifumo ya kamera mbili inayofuatilia vidoa vya rangi ni mizuri sana, lakini bei yake ni ya kuombea ruzuku.

Chora pia duara la kalamu juu ya plastiki, kufuata ukingo wa pete. Likisogea ndani, plastiki imeteleza. Tupa kipimo hicho.

Mwisho, polima, kama plastiki yako, hutambaa: ukishikilia presha ileile, uvimbe unaendelea kukua. Soma kimo baada ya muda uleule kila mara, dakika moja kwa mfano, na uandike joto la chumba kando ya kila namba.