Uliza ngazi kwanza: nyumba ya likizo Lübeck na magoti ya Mama

Juzi dada mmoja wa Mombasa ameniandikia. Ana baba wa miaka 74 na mdogo wake anaishi Hamburg. Ameona picha ya kijumba cheupe chenye mawaridi mlangoni, katika mji mkongwe wa Lübeck, Ujerumani, bei yake nafuu, na anataka nimwambie alipe au asilipe. Nilipoiona ile picha tumbo lilinikata. Kijumba kama kile nilikilipia mimi mwenyewe Septemba 2023.

Dada, usilipe bado. Nawe msomaji mwenye nia hiyohiyo ya kumpeleka mzazi Ulaya angali na nguvu zake, nisikilize, maana jambo hili limeniuma na mpaka leo bado lina kovu.

Safari ile tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na Mama, wakati huo ana miaka 70. Kaka yangu yuko Hamburg lakini anakaa chumba kimoja na jiko. Hoteli ya vyumba vitatu kwa siku sita ilikuwa inatuvua nguo. Nikaingia mtandaoni kutafuta kile Wajerumani wanachokiita Ferienwohnung, yaani fleti au nyumba anayopangishwa msafiri kwa siku chache, ina jiko na vyombo vyake. Lübeck iko mwendo wa dakika 45 hivi kwa treni kutoka Hamburg, na mimi nilishaupenda kwa picha tu. Mama amezaliwa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, akaolewa Tanga. Nilijua akiviona vichochoro vya Lübeck moyo wake utafunguka.

Na vichochoro vyenyewe ndivyo vinavyouza mji huo. Lübeck ya kale ni kisiwa kilichozungukwa na mto Trave na mifereji, na UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 1987, miaka 13 kabla ya Mji Mkongwe wetu. Enzi za biashara ya Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara wa kaskazini mwa Ulaya, matajiri walijenga majumba yao yakitazama barabara, na watu walipozidi wakajaza vibanda uani, wakavipangisha kwa vibarua na mabaharia. Njia ya kufikia huko uani ni tundu tu lililotobolewa katika jumba la mbele, fupi kiasi kwamba mtu mrefu lazima ainame. Wenyewe wanaita Gang. Leo bado ziko kama 90, na vile vibanda vya masikini vimepakwa rangi, vikapandiwa mawaridi, na baadhi vinapangishwa watalii.

Tulifika Jumamosi jioni. Mama aliinama, akapita kwenye lile tundu, akatoka upande wa pili akasimama. Akasema, "Kumbe Malindi ipo na huku." Furaha niliyoipata pale siwezi kuielezea. Ilidumu dakika tano.

Nilifungua mlango. Chini kuna sebule ndogo na jiko. Choo kiko juu, vitanda viko juu. Na kwenda juu ni ngazi ya mbao nyembamba, imesimama wima, vidato vyake havitoshi unyayo mzima, na pembeni hakuna reli, kuna kamba tu. Mama alishika kidato cha mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayepanda mnazi. Kufika cha nne akasimama. "Mwanangu, hapa nitaanguka."

Akalala kwenye kochi sebuleni, siku zote sita. Kwa ajili ya choo, mume wangu alimsukuma kwa nyuma huku mimi namvuta kwa mbele. Siku ya tatu ndipo nilipogundua jambo lililonivunja kabisa: Mama alikuwa haonji maji kuanzia alasiri, ili usiku asihitaji kupanda. Hakuniambia. Niliona chupa yake iko vilevile tangu mchana nikajua. Nilikaa kwenye kile kidato cha chini nikalia.

Mwenye nyumba nilimwandikia usiku uleule wa kwanza. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: imeandikwa kwenye tangazo. Na kweli ilikuwa imeandikwa. Maneno mawili, steile Treppe, ngazi ya kusimama wima. Tangazo nilikuwa nimelisoma kupitia tafsiri ya simu, likaja vingine, nami sikurudi kulichunguza kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mawaridi. Hilo nalibeba mimi. Lakini kuna ambalo silibebi: katika amana ya yuro 200 alikata 150 kwa mkwaruzo wa sakafu ambao tuliukuta. Sikuwa na picha, sikuwa na video, na neno langu halikuwa na uzito wowote. Tuliporudi nyumbani, shangazi yangu mmoja akasema mbele ya watu, "Umempeleka mama yako Ulaya kulala sebuleni." Nimemsamehe, ila maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoanza kupanga safari ya pili, ya Juni mwaka 2025, sikuanza na picha. Nilianza na magoti ya Mama. Hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo. Chukua mtu mnyonge kuliko wote katika msafara wako, awe mzee, mjamzito au mtoto anayejifunza kutembea, mtafutie yeye kwanza kitanda na choo. Wengine mtaenea tu.

Jifunze maneno machache ya matangazo yao. Erdgeschoss ni chini kabisa, usawa wa barabara. Obergeschoss ni ghorofa, na ya kwanza kwao ni ile ambayo tayari umeshapanda ngazi kuifikia. Ebenerdig maana yake unaingia bila kupanda kitu, hilo ndilo neno tamu. Aufzug ni lifti, lakini katika nyumba za karne nyingi zilizopita usiitarajie, kwa sababu majengo yale yanalindwa na sheria na mwenyewe hawezi kuyabomoa apendavyo. Endreinigung ni ada ya usafi wa mwisho. Mara nyingi imewekwa kando, na ukikaa siku mbili inaweza kukuumiza kuliko kodi yenyewe, ndiyo maana siku nyingi katika nyumba moja ni nafuu. Bettwäsche ni mashuka. Uliza kama yamo kwenye bei.

Halafu andika ujumbe, uulize. Mimi niliwaandikia wenye nyumba wanane. Watatu hawakujibu, wanne majibu yao yalinionyesha kwamba hapafai. Wa nane, bibi mmoja mwenye fleti ya chini karibu na uwanja wa Koberg, alinitumia picha ya mlango, ya choo, na ya kidato kimoja cha kuingilia akiwa ameweka futi la kupimia pembeni yake. Sentimita 14. Kabla sijalipa nilishajua huyu ni mtu wa kufanya naye kazi.

Viza sitaisimulia kwa urefu, ina makala yake. Jua tu kwamba ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na wanataka uthibitisho wa malazi. Kwa sababu hiyo weka nafasi katika nyumba inayokuruhusu kuifuta bila hasara mpaka karibu na tarehe. Kile kijumba cha mawaridi hakikuruhusu, nami sikujali.

Kwa treni tulikata Schleswig-Holstein-Ticket, tiketi ya siku nzima ya mpaka watu watano, na Hamburg imo. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, kwa hiyo usiwahi kituoni alfajiri. Kutoka stesheni ya Lübeck unatembea dakika chache unaikuta Holstentor, lango la minara miwili lililojengwa kati ya 1464 na 1478, limezama kwenye ardhi laini mpaka likainama. Lakini mitaa mingi ya kisiwa ni mawe, na barabara zinapanda kutoka mtoni kwenda katikati. Begi la magurudumu hapo linageuka adhabu. Mpandisheni mzee teksi, ninyi vijana burureni mabegi.

Fika siku ya kazi, si Jumamosi jioni kama sisi mara ya kwanza, maana Jumapili maduka Ujerumani yamefungwa, na utabaki na vya stesheni. Beba kopo lako la msalani, huko hulikuti. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, hivyo Magharibi inachelewa sana, na wazee wenu waambieni mapema ili wasihangaike. Ikifika saa nne nyumba inyamaze, kwa sababu ukuta wako ni ukuta wa jirani anayeamkia kazini. Kwenye zile Gang wanaishi watu, si maonyesho. Msichungulie madirishani. Sisi tuliolelewa kwenye mitaa ya baraza na hodi hatuna kisingizio katika hili.

Na ukishapewa ufunguo, kabla hujakaa, piga video ya kila chumba, sakafu, kuta, vyombo. Mume wangu alipiga dakika saba, akamtumia mwenye nyumba palepale. Amana ilirudi yote.

Mama safari hii alilala kitandani. Akawa anaamka mwenyewe, anachukua udhu mwenyewe, anapika wali wa nazi kwa makopo ya duka la Waturuki. Hatua chache kutoka mlangoni ni Heiligen-Geist-Hospital, jengo la mwaka 1286 hivi, lililojengwa na wafanyabiashara wa mji kwa ajili ya wagonjwa na masikini. Ndani ya ukumbi kuna vyumba vidogo vya mbao, kila kimoja kwa mzee mmoja, na watu waliishi humo mpaka mwaka 1970. Mama aliingia akatazama kulia na kushoto. Akasema, "Hawa waliwalaza wazee wao chini." Nilimwelewa. Kisha akanishika mkono tukaenda kanisa la St. Marien kuzitazama zile kengele zilizoanguka kwa mabomu ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi mwaka 1942. Ziko palepale zilipopasukia sakafuni. Alisimama muda mrefu, na miguu haikumuuma.

Siku ya mwisho tulikwenda Ohlsdorf, makaburi makubwa ya Hamburg, alikozikwa Bibi Salme binti Seyyid Said, aliyefariki Jena mwaka 1924. Basi linapita ndani ya makaburi yenyewe. Mwaka 2023 Mama alikuwa amechoka mno, tukarudi bila kumzuru. Safari hii alisoma Fatiha.

Tuwe wakweli, ndugu zangu. Wengi wetu tunapanga safari za wazazi kwa ajili ya picha tutakazozituma kwa ndugu. Nilikuwa mmoja wao. Mzazi hatakwambia kwamba anaumia, atakuambia "pazuri, mwanangu", kisha ataacha kunywa maji. Mchunguze. Hesabu vidato kwa niaba yake, kwa sababu yeye ataona haya kukuuliza.

Dada wa Mombasa, kile kijumba kinaweza kuwa salama, kinaweza kisiwe. Tangazo ulilonitumia halisemi choo kiko wapi. Nakili maneno haya umtumie mwenye nyumba leo: Wie viele Stufen sind es von der Straße bis zum Bett, und vom Bett bis zur Toilette? Gibt es ein festes Geländer? Können Sie mir bitte ein Foto der Treppe schicken? Unamwuliza vidato vingapi toka barabarani mpaka kitandani na toka kitandani mpaka chooni, kama kuna reli imara ya kushikia, na unamwomba picha ya ngazi. Akikujibu nitumie hiyo picha tuitazame wote wawili kabla hujatoa hata senti.