Bunduki moja kwa pori zima: ununue kaliba gani?

Kila mwaka Julai ikikaribia vijana wanaanza kunipigia simu. "Kaka, leseni iko njiani, ninunue kaliba gani?" Kaliba ndiyo unene wa risasi na tundu la mtutu, na namba zake nyingi ni sehemu za inchi. Nikiwauliza wanataka kuwinda nini, wengi wanajibu: chochote. Sasa "chochote" katika nchi hii kinaanzia nsya wa kilo kumi na kitu, kinapita kwa kongoni na kuro, kinafika kwa nyati dume wa kilo 700 na pofu dume anayeweza kukaribia kilo 900. Hakuna risasi moja inayowafaa wote hao sawasawa. Ila kwa mtu anayeishi Dar, mwenye uwezo wa bunduki moja tu, mimi naona uamuzi uko kati ya mbili: .30-06 au .375 H&H. Zilizobaki ni za mwenye pesa ya kuchezea au mwenye urithi.

Anza na nyati, maana yeye ndiye anayekata shauri. Kwa wanyama hatari wa aina yake, kanuni zetu zinataka kaliba isiyopungua .375, yaani risasi yenye kipenyo cha milimita tisa na nusu hivi. Hapo hakuna mjadala, na askari wa wanyamapori atakayefuatana nawe hatakusikiliza ukimwambia unajua kulenga. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: nyati utamwinda kweli, au unapenda tu kumtaja barazani? Wengi wetu tukitoka mjini, kibali kinachotujia ni cha swala pala, ngiri, kongoni, labda nyumbu. Kama hali yako ndiyo hiyo na huioni ikibadilika, .30-06 inakutosha na itabaki chenji.

Hiyo .30-06 ilianza na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hadi leo wawindaji hawajaichoka. Risasi ya greni 180, kama gramu 11.7, inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. Ukiiweka nyuma ya bega la kongoni umbali wa mita 100, kongoni ataenda hatua chache na kulala. Kuro, pundamilia, palahala, hata tandala mkubwa, inawaweza ukichagua risasi nzuri. Pundamilia usimdharau lakini, yule mnyama ana roho ngumu kuliko umbo lake linavyoonyesha. Kwa pofu mimi ningetaka kitu kizito zaidi, ingawa wapo wanaomwangusha na hiyohiyo.

Watu wananiuliza mbona siwaelekezi kwenye .300 Winchester Magnum, kwani ina kasi zaidi. Ina kasi, ndiyo, na kasi hiyo ni tamu kwenye mbuga wazi. Sisi huku pwani na kwenye miombo tunapiga karibu, mita 40, mita 70, mnyama amejibanza kwenye kichaka. Nimesimama kando ya swala pala aliyepigwa na .300 yenye ncha laini kwa umbali huo. Tulipomchuna, bega zima lilikuwa damu nyeusi iliyovilia, vipande vya mfupa vimesambaa hadi mbavuni, na nyama ya upande ule tukaiacha palepale. Mpishi aliangalia tu akatikisa kichwa. Kama unawinda kwa ajili ya kitoweo, jambo hilo linauma.

Na hapa ndipo .375 inaposhangaza watu. Ilitoka kwa Holland & Holland wa London mwaka 1912, na risasi yake ya kawaida ni ya greni 300, zaidi ya gramu 19, ikienda mita 770 hivi kwa sekunde. Mtu akisikia uzito huo anadhani swala atapasuka vipande. Mara nyingi inakuwa kinyume. Kwa kuwa ni nzito na haina haraka kubwa, inapita na kutokea upande wa pili bila kuvuruga nyama kama ile ya kasi. Kwa mbali nayo haikuangushi: ukiirekebisha ilenge sawasawa mita 100, ikifika mita 200 imeshuka pungufu ya shibiri. Ndiyo maana mwenye nia ya nyati hata mara moja kwa miaka, nasema achukue hiyo na awindie kila kitu.

Bei yake ni bega. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya la .30-06, na .458, ambayo ni nene zaidi, inazidi hapo. Hao wanaokimbilia .458 wengi hawajawahi kuifyatua mara tano mfululizo wakiwa wamekaa mezani shabahani. Fanya hivyo kabla hujalipa. Azima ya mwenzio, mwenyewe akiwepo, uvae kinga ya masikio, upige tano, kisha umwombe akuwekee ganda tupu bila kukuambia. Ukivuta kifyatulio na mtutu ukaruka wakati hakuna risasi iliyotoka, mwili wako umeshaanza kuiogopa ile bunduki, na mwoga wa bunduki humpiga nyati tumboni. Na darubini ikae mbali na jicho, angalau vidole vinne, la sivyo utarudi mjini umepasuka juu ya nyusi na mkeo akuulize ulipigana na nani.

Kuna wazee wenye 9.3x62. Ni kaliba ya mwaka 1905, ya fundi bunduki wa Kijerumani Otto Bock, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa makoloni ya Afrika, na huku kwetu ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ninaipenda sana. Lakini ukiigeuza kwa inchi ni .366, imepungukiwa kiduchu kufika .375, kwa hiyo nyati kwa kanuni zetu basi tena. Ukiirithi kwa babu, itunze na umpigie pofu. Kuinunua mpya, sikushauri.

Risasi yenyewe inaamua kuliko watu wanavyodhani. Kwa swala, kongoni na jamii yake tumia ncha laini inayofunguka ndani. Kwa nyati, ya kwanza iwe laini ya aina imara isiyomeguka, zinazofuata ziwe ngumu, zile tunazoziita solidi, kwa sababu baada ya risasi ya kwanza atakupa makalio na unahitaji kitu kinachopenya kutoka nyuma hadi kifuani. Ukiwa peke yako na nyati mmoja, sawa. Wakiwa kundi, solidi inaweza kumtoka huyu ikamwingia wa nyuma yake, basi subiri asimame peke yake.

Kwa sisi Waislamu liko na la kuchinja. Wazee wengi wanataka mnyama aanguke akiwa bado na pumzi, kisu kifike. Kwa swala pala si tatizo, kijana mwepesi anawahi. Kwa nyati, usimruhusu mtu akimbilie na kisu hadi ihakikishwe kutoka nyuma kwamba amekufa, jicho liguswe na fimbo ndefu lisipepese, hata kama nyama hiyo itawaendea wengine.

Mwisho, kabla hujatoa hela ya bunduki, zunguka kwanza madukani mjini uulize risasi. Uliza zipo ngapi, za uzito gani, za ncha gani, na mzigo mwingine unaingia lini. Leseni inataja kaliba yako, huwezi kukosa .375 ukauziwa nyingine. Zikiwepo, chukua za toleo moja zitakazokutosha shabahani na porini, maana ukibadilisha toleo katikati ya msimu itabidi urekebishe darubini upya. Na kama unakaa Mbezi Beach au Kigamboni, upepo wa chumvi unakula chuma ndani ya wiki: usiiache kwenye mfuko wake wa ngozi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiigusa, na ukirudi safari isafishe mtutu ndani usiku huohuo kabla hujaoga.